Miwani feki isikuponze macho

Agosti 2, 2027 jua litapatwa, na sisi hapa Kenya tutaona mwezi ukilimega sehemu. Wachuuzi hawatakosa kutuletea miwani ya bei ya kutupa. Msimamo wangu ni huu: heri uikose kuliko uvae ya kubahatisha.

Miwani yako ya kawaida ya jua, hata iwe nyeusi tititi, haifai. Sahau pia filamu ya eksirei, CD na kioo cha masizi. Retina haihisi maumivu. Inaungua kimyakimya, unakuja kugundua baadaye ukiona doa katikati ya kila kitu.

Ati imeandikwa ISO 12312-2? Sawa, hicho ndicho kiwango, lakini maandishi mtu yeyote anaweza kuchapisha. Marekani mwaka 2017 feki ziliuzwa hivyo hivyo. Uliza aliyeitengeneza ni nani. Kisha ivae ndani ya nyumba: ukiona chochote zaidi ya mwanga hafifu wa taa kali, achana nayo. Ikiwa na mkwaruzo, tupa.

Huna pesa? Toboa tundu dogo kwenye kadibodi, lipe jua mgongo, utazame taswira yake ikiangukia chini. Ni bure kabisa. Macho hayana spea.