Huruma Yenu Ifike Ofisini



Tunaanza na jirani zetu hapa Nakivale. Baba, mama na watoto wanne. Mwezi wa kwanza 2025 walikuwa wamemaliza kila kitu: mahojiano, medikali, mafunzo ya kuishi Marekani, hata tarehe ya ndege walikuwa nayo. Wakauza mbuzi. Wakauza kitanda. Bidoni na sufuria wakawagawia majirani, shamba la maharage wakamwachia mtu mwingine alime. Kisha ukaja ujumbe kwenye simu: safari imefutwa. Leo mama yule anaenda kuazima sufuria ile ile aliyoitoa kwa mkono wake.

Sote tunajua kilichotokea. Tarehe 20 Januari 2025, siku ileile aliyoapishwa, rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Sahihi ya mtu mmoja huko, na huku mama hana sufuria.

Baadaye, siku moja tulikuwa pale pa kuchajisha simu. Mwenzetu mmoja akasoma kwa sauti kwamba kuna raia wa Marekani wanawaandikia wabunge wao, wanakusanya sahihi, wanapiga simu ofisini, wanaomba mlango ufunguliwe tena. Watu wakacheka. Mzee mmoja akasema: "Bunduki ndiyo ilitutoa Masisi. Sasa barua itatufikisha wapi?" Wakacheka tena, na sisi vijana tukacheka pamoja nao.

Tumeandika haya juu ya kicheko kile. Mzee wetu tunamheshimu, lakini tulikosea kucheka, na wanaotukataa wangetusikia wangefurahi sana.

Tuseme jambo moja ambalo kila mtu kambini analijua. Hapa tunachagua RWC wetu. Mwenyekiti akijua kwamba bomba limekufa na hakuna atakayemuuliza, bomba litakaa hivyo mpaka masika. Akijua kesho asubuhi kina mama arobaini watakuwa mlangoni kwake na bidoni tupu, usiku huohuo anapiga simu kumtafuta fundi. Ni mtu yuleyule. Kilichobadilika ni nani amesimama mlangoni.

Basi gavana wa Marekani, mbunge, seneta, meya, wote ni hivyohivyo. Wamechaguliwa, wanataka kuchaguliwa tena. Sisi wakimbizi hatumtishi hata mmoja wao, kwa sababu hatuna kura kule, na hapa Uganda pia hatuna. Mwenye kura akisimama mlangoni kwa ajili yetu ndiyo mara ya kwanza mlango huo unasikia jina letu.

Mnataka mfano? Tunao.

Mwezi wa tisa 2019 rais huyuhuyu, katika kipindi chake cha kwanza, alitoa amri kwamba wakimbizi wasipelekwe mahali popote Marekani mpaka gavana wa jimbo na viongozi wa wilaya wakubali kwa maandishi. Wengi walidhani huo ndio mwisho. Nani atakubali kuweka sahihi yake chini ya neno wakimbizi? Lakini watu wa makanisa, walimu, waajiri na wakimbizi waliokwisha kupata uraia wakaanza kuwaendea viongozi wao. Zaidi ya magavana 40 wakakubali, na wengi miongoni mwao walikuwa wa chama cha rais mwenyewe. Gavana wa Utah, Gary Herbert, mtu wa chama hichohicho, alimwandikia rais akiomba wakimbizi zaidi. Alimkumbusha kwamba watu walioanzisha jimbo lile nao walikuwa wamekimbia mateso ya dini.

Tena kuna mji unaoitwa Bismarck, katika jimbo la North Dakota, mahali pa baridi kali ambapo wengi wetu hatujawahi hata kusikia jina lake. Mwezi wa kumi na mbili 2019 baraza la wilaya ya Burleigh, watu watano tu, lilikuwa lipige kura: tuendelee kupokea wakimbizi au tuache? Siku ya kwanza watu walijaa mpaka mkutano ukaahirishwa. Wiki iliyofuata wakauhamishia kwenye ukumbi wa kulia chakula wa shule, na mamia wakaja. Waliokuwa wanakataa walisema, waliokuwa wanakubali wakasema. Mwishoni kura zikapigwa: watatu wamekubali, wawili wamekataa. Waliweka sharti kwamba wasizidi 25 kwa mwaka.

Watu 25 ni wachache, tunajua. Mstari mmoja wa kungoja posho hapa unawazidi. Lakini wahesabu vizuri. Kati ya watu wale watano, mmoja tu angegeuka, mlango ungefungwa kabisa. Kama wale waliotupenda wangebaki nyumbani jioni ile kwa sababu ya baridi, wakasema "tutawaombea", ukumbi ungejaa sauti za upande mmoja peke yake, na wale watano wangeamini hiyo ndiyo sauti ya wilaya nzima.

Ndiyo maana tunasema na nyinyi raia wa nchi za mbali mnaotusoma, nyinyi mnaotuwekea alama ya moyo chini ya picha zetu. Tunashukuru, kweli. Lakini huo moyo wa kwenye simu mbunge wenu haujui. Yeye anajua barua iliyofika mezani, simu iliyopigwa, mtu wa jimbo lake aliyekuja kwenye mkutano na kusimama kwenye maikrofoni. Wanaotuchukia hawaoni haya kupiga simu. Kwa nini mnaotupenda mnaona haya? Huruma ya kimya kimya ni kama chakula kilichofungiwa ndani ya stoo: kipo, na watoto wanalala na njaa.

Mtatuambia: mbona barua hazikuzuia amri ya 2025? Ni swali la haki na hatulikwepi. Hazikuizuia. Na kwa mwaka wao wa fedha wa 2026 waliweka kikomo cha watu 7,500 tu, idadi ya chini kuliko yote tangu sheria yao ya wakimbizi ya 1980, na nafasi nyingi walisema ni za Wazungu wa Afrika Kusini. Mwaka wao wa 2024 waliingia zaidi ya watu 100,000, na sisi Wakongo ndio tulikuwa wengi kuliko taifa lolote. Pigeni hesabu wenyewe mlango umebaki upana gani.

Lakini aliyesaini amri ile alifikaje pale? Kwa kura. Watu walihudhuria mikutano yake, walichanga pesa, waligonga milango ya majirani zao. Kwa hiyo barua na kura vinafanya kazi. Safari hii vilifanya kazi upande wa pili. Mtu akishindwa mpira hasemi mpira hauna maana, anasema tulicheza vibaya au tulikuwa wachache uwanjani.

Na kumbukeni 2021. Rais mwingine, aliyetuahidi mengi, alisaini mwezi wa nne kwamba kikomo kibaki 15,000. Zikapigwa kelele kutoka kwa wabunge wa chama chake na kutoka kwa raia waliomchagua. Haikupita wiki tatu, tarehe 3 Mei akasaini upya: 62,500. Huyu alikuwa rafiki, na hata rafiki alihitaji kusukumwa. Tena sheria yao inasema rais lazima ashauriane na wabunge kabla ya kuweka idadi ya kila mwaka. Kila mbunge ana jimbo, na kila jimbo lina watu ambao wanaweza kumuuliza: ulishauriwa? Ulisema nini?

Sasa, tukishaomba mtuandikie, tunaomba pia mtuandike vizuri. Barua nyingine tumezisoma na zimetuumiza hata kama zimeandikwa kwa upendo. Eti tupokewe kwa sababu tunafanya kazi kwa bidii, hatuchagui kazi, tutalipa kodi, watoto wetu watakuwa madaktari. Ni kweli wengi wetu tunafanya kazi. Lakini ndugu, hivyo ndivyo mbuzi anavyosifiwa mnadani: angalia meno, angalia miguu. Na bibi wa miaka sabini mwenye miguu mibovu? Na kijana ambaye vita vilimharibu akili? Hao hawatakuwa madaktari. Hao ndio wanaohitaji mlango kuliko sisi tuliosoma sekondari. Andikeni kwamba mtu akikimbia kifo ana haki ya mahali pa kulala salama, na kwamba nchi yenu iliahidi. Halafu kama mnataka kuongeza habari za kodi, ongezeni mwishoni.

Msituandike pia kama hatupo. Kama mnapeleka maombi kwa mbunge, tuulizeni. Simu tunazo, bando likipatikana tunajibu. Familia ile ya sufuria inaweza kueleza yenyewe kuliko mtu yeyote.

Na sisi je? Hapa tunageuka kwetu wenyewe, maana ni rahisi kuwapigia kelele walio mbali.

Sisi tunaishi kama mizigo iliyowekwa kituoni ikingoja gari. Tunasema "mimi niko kwenye prosesi" na tunaishia hapo. Mwaka wa tano, wa nane, wa kumi. Wakati huohuo, Uganda imetupokea watu karibu milioni mbili. Sheria yake ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea. Sheria hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ilipitishwa na wabunge, na wabunge wanaweza kuibadilisha. Wabunge hao wanachaguliwa na nani? Na mama anayetuuzia matoke. Na kijana wa boda. Na yule mzee tunayegombana naye juu ya kuni na juu ya ng'ombe walioingia shambani. Tunangojea barua za watu wa Utah, na jirani yetu Mnyankole hatujawahi kumsalimia kwa lugha yake!

Mwaka jana kulikuwa na mkutano wa LC1 upande wa wenyeji. Baadhi yao walitaka watoto wetu wakatazwe kuchota maji kwenye bomba la kwao, kwa sababu mstari umekuwa mrefu. Tulikwenda vijana watatu, tukakaa nyuma, hatukuwa na haki ya kupiga kura. Mambo yalikuwa yanaenda vibaya. Kisha mama mmoja mwenyeji akasimama. Akasema: "Hawa watoto wanasoma na wangu darasa moja. Wakinuka kwa kukosa maji, watanuka karibu na mtoto wangu." Watu wakacheka, lakini wanawake wengine kama wanane wakasimama upande wake. Mwenyekiti akahesabu mikono. Bomba likabaki la wote, wakapanga masaa.

Tulipomshukuru yule mama, alituambia mbona mwaka mzima hatujafika kwake hata kunywa chai, mpaka siku ya shida. Hatukuwa na jibu.

Basi tangu siku ile tumeanza. Jumamosi tunalima pamoja na vijana wa upande ule, tunafundishana lugha. Ni kitu kidogo. Lakini siku nyingine mkutano ukija, hatutakuwa watatu tu wamekaa nyuma.

Kwa raia popote mlipo, Bismarck, London, Mbarara: mbunge wako ana ofisi. Nenda, andika, piga simu, na jirani yako aweke sahihi pia. Kwa wenzetu wa kambini: atakayecheka barua tena, mwulizeni yeye amemsalimia jirani gani wiki hii. Na mzee wetu wa pale pa kuchajisha simu, shikamoo. Bunduki ilitutoa Masisi, ni kweli. Lakini hakuna bunduki itakayoturudishia mahali pa kukaa. Tuacheni tujaribu barua.

Mama yule bado anaazima sufuria. Ukishasoma, mtumie mwenzako, na useme hapa chini wewe utamwandikia nani.