Mjomba, usiniambie "uliamua mwenyewe"

Nianze na aibu yangu. Desemba tulikuwa ushago, familia yote, nyama iko kwa moto, na mjomba wangu mmoja akaniuliza mbele ya watu chuo kinaendeleaje. Alikuwa anajua vizuri nimeacha. Nikamjibu kwa heshima, "Mjomba, karo ilinishinda." Akatafuna, akameza, akasema: "Hakuna kitu kama kushindwa. Uliamua mwenyewe. Kila mtu ni matokeo ya maamuzi yake." Watu wakatingisha vichwa kama wako kanisani.

Hiyo sentensi imenikaa kwa koo mpaka leo. Na mnaijua. Iko kwa kila video ya motisha, msee amesimama kando ya gari ambalo pengine si lake, anakuambia umaskini ni uamuzi.

Sawa, wacha tuhesabu maamuzi yangu. Mwaka wa pili, mama alifunga kibanda chake cha mitumba juu mtaji wote uliishia hospitalini. Bila kumaliza karo, hakuna kadi ya mtihani. Nilikuwa na milango mitatu: nikope kwa simu na riba ya kunikata shingo, nimuombe babu auze shamba, ama nipange nguo kwa begi. Nikapanga nguo. Nilichagua? Ndiyo, nilichagua. Lakini mtoto wa huyo huyo mjomba, mwenye alilipiwa kila muhula, aliamua nini ndio amalize? Aliamka tu akaenda darasani miaka minne. Na hakuna mtu humwambia yeye ni matokeo ya maamuzi ya mtu mwingine.

Kabla mnipigie makofi, kuna upande wa pili, na huo pia umenichosha.

Beshte yangu mmoja alibeti pesa ya nyumba kwa ule mchezo wa ndege. Unaujua: ndege inapaa, pesa inapanda, ukichelewa kutoa inaenda na kila kitu. Nilipomuuliza akasema, "Buda, ubongo wangu umeundwa hivi. Kuna profesa alisema hakuna mtu hujiamulia chochote."

Huyo profesa yuko kweli. Anaitwa Robert Sapolsky, wa chuo cha Stanford, na si mgeni huku kwetu: alikaa miaka mingi akichunguza nyani Maasai Mara. Mwaka wa 2023 alitoa kitabu, Determined, akisema hiari haipo kabisa. Hoja yake ni nzito. Chukua kitendo chochote, rudi nyuma: sekunde iliyopita ubongo ulikuwa unafanya nini, asubuhi ulikuwa na njaa ama usingizi, utotoni ulipigwa ama ulipendwa, tumboni mama yako alikuwa na msongo gani. Hakuna mahali kwa huo mnyororo utapata "wewe" umesimama peke yako ukiamua. Kwa hivyo, anasema, hakuna mtu anastahili lawama wala sifa.

Wengine huongeza jaribio la Benjamin Libet la 1983. Watu waliambiwa wasogeze mkono wakati wowote wakitaka, na ubongo wao ukaonekana kuanza kujiandaa karibu theluthi moja ya sekunde kabla wenyewe waseme wameamua. Lakini kusogeza mkono bila sababu si kuamua kuacha chuo. Mimi nilikaa wiki sita silali. Na mwaka wa 2012 Aaron Schurger na wenzake walionyesha kuwa ile dalili ya ubongo inaweza kuwa kelele za kawaida zinazopanda na kushuka, si uamuzi uliokwisha kufanywa.

Sasa msimamo wangu. Ugali una sababu zake: unga, maji, moto, mkono wa mpishi. Hakuna mtu husema basi hakuna ugali. Uamuzi ni hivyo hivyo. Kwamba umepikwa na vitu vilivyokuja kabla yako haimaanishi ni feki. Sapolsky ako sawa kuhusu unga. Anakosea akisema sufuria ni tupu.

Ushahidi wangu ni mama. Ako kwa chama. Anajua pesa ikikaa kwa simu yake, itaenda. Kwa hivyo kila Jumatatu anaipeleka kwa wamama wenzake kabla ajaribiwe, na akikosa, anapigwa faini na kuangaliwa vibaya. Huyo ni mtu anajua udhaifu wake wa kesho na anaufungia mlango leo. Nyani wa Mara hana chama. Kama hiyo si hiari, basi sijui tunatafuta nini.

Kwa hivyo hiari si kitu uko nacho ama huna. Iko na ukubwa. Inaweza kupanuliwa, na inaweza kubanwa.

Hata sheria yetu inajua. Zamani ukipatikana na hatia ya mauaji Kenya, jaji alikuwa lazima akuhukumu kifo, hata ungekuwa na hadithi gani. Tarehe 14 Desemba 2017, kwa kesi ya Francis Muruatetu, Mahakama ya Juu ikasema hapana: kufanya hukumu ya kifo iwe ya lazima ni kinyume cha Katiba, jaji lazima aweze kusikiza mtu alitoka wapi na ilifikaje hapo. Haikufuta hatia. Ilisema tu huwezi kupima kitendo bila kupima maisha. Kama muuaji anapewa hiyo nafasi, mimi mwenye deni la karo je?

Na wanaobana hiari yetu wanajua kazi yao. B.F. Skinner aliona kitambo kuwa njiwa akipewa chakula bila mpangilio, leo ndiyo, kesho hapana, anadonoa bila kuchoka. Ile ndege kwa simu inakulisha hivyo hivyo. Halafu hapo chini wanaandika kwa herufi ndogo: cheza kwa uwajibikaji. Hiyo ni sentensi ya mjomba imevaa suti. Mtu anapunguza milango yako, kisha anakulaumu kwa ule umebaki.

Lakini beshte yangu pia hatoroki. Nilimwambia siku ya mshahara atume kodi kwa dadake kabla afungue kitu kingine. Alinuna. Mwezi uliofuata akatuma. Si kila mwezi, lakini anatuma.

Na mimi? Kuacha chuo silibebi peke yangu. Lakini nilimficha mama miezi mitatu, nikimwambia niko darasani na niko kwa kochi ya rafiki. Hiyo hakuna aliyenilazimisha. Hiyo ni yangu, na nimemuomba msamaha.

Mjomba, Desemba hii ukiniuliza tena, nitakujibu. Lakini uliza kwanza nilikuwa na unga kiasi gani.