Vibanda vinabomolewa, mabomba ya viwanda nani anayapima?

Kama umewahi kushuka Gikomba kutafuta mitumba ukapita kando ya Mto Nairobi, ile harufu unaijua. Maji ni meusi, yanatoa povu. Ukiuliza nani ameyachafua, jibu huwa tayari: ni wachuuzi, ni watu wa mabanda. Basi tingatinga linaletwa. Baada ya mafuriko ya 2024 tuliona nyumba za Mathare na Mukuru zikivunjwa kwa sababu ziko kando ya mto.

Tuseme ukweli, taka tunatupa. Matambara ya Gikomba na karatasi za nailoni ziko mtoni, na choo kisichounganishwa na sewa humwaga humo humo. Hilo ni letu kurekebisha. Lakini mama mboga hana kromu ya kulainisha ngozi. Mchuuzi wa viatu hana asidi ya betri. Hizo zinatoka viwandani na kwenye karakana, na haziozi kama maganda ya viazi. Hata zikipitia sewa hadi mabwawa ya kusafisha majitaka kule Ruai, kazi ya mabwawa yale hufanywa na bakteria, na bakteria hali chuma. Madini hubaki kwenye tope au huendelea na safari.

Na safari yenyewe ni ndefu. Mto Ngong, unaopokea maji ya Industrial Area na Mukuru, unaungana na Mto Nairobi upande wa mashariki wa jiji. Mto Nairobi unaingia Athi, Athi inakuwa Galana, kisha Sabaki, na Sabaki inamwaga baharini kaskazini mwa Malindi. Njiani kuna watu wanaonyweshea mboga maji hayo, na mboga hizo zinarudi sokoni. Kwa hivyo hata wewe wa Pwani, usidhani haya ni mambo ya Nairobi peke yake.

Sasa, kwani hakuna sheria? Iko. Kanuni za Ubora wa Maji zinasema kiwanda kisimwage majitaka bila leseni ya NEMA. Zinaweka viwango: kwa mfano BOD, kipimo cha uchafu unaomaliza oksijeni majini, isizidi miligramu 30 kwa lita kwa maji yanayoingia mtoni. Tena zinamtaka mwenye kiwanda apime majitaka yake mwenyewe na kupeleka rekodi NEMA kila baada ya miezi mitatu.

Soma tena hapo. Kila miezi mitatu. Je, wewe umewahi kuziona rekodi hizo? Zimebandikwa kwa chifu? Ziko kwenye ofisi ya wadi?

Hapo ndipo tatizo lilipo. Mwenye kiwanda anajipima, anajipa alama, na jirani anayevuta harufu haambiwi kitu. Mkaguzi akija saa nne asubuhi na chupa yake, atapata maji ya saa nne. Maji ya saa nane usiku, au yale yanayoachiliwa mvua ikinyesha, hayamo kwenye chupa ile. Ndiyo maana India, mwaka 2014, iliagiza aina 17 za viwanda vichafuzi ziweke mitambo inayopima mfululizo, usiku na mchana, na kutuma takwimu moja kwa moja kwa wasimamizi. Hapa kwetu serikali ilizindua mradi mkubwa wa kufufua Mto Nairobi Machi 2025. Vizuri. Lakini ukisafisha mto bila kufunga bomba, unafagia huku mwenzako anamwaga.

Na usiambiwe mnyonge hashindi. Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhuriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha fidia hiyo baada ya kutupwa kwenye rufaa. NEMA yenyewe ilibebeshwa sehemu ya lawama, kwa kulala kazini.

Kwa hivyo wewe unaweza kufanya nini? Kwanza, andika barua NEMA uitishe leseni na rekodi za majitaka za kiwanda kilicho karibu nawe. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 kukujibu. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Pili, ukiona bomba linamwaga, piga picha, andika tarehe, saa na mahali. Tatu, Kifungu cha 70 cha Katiba kinakuruhusu kwenda mahakamani kutetea mazingira safi bila kuthibitisha kwamba wewe mwenyewe umeumia. Huhitaji kungoja mtoto augue.

Sisi tunadai jambo moja: rekodi za kila kiwanda ziwekwe wazi, kila miezi mitatu, mahali ambapo mtu wa Gikomba anaweza kuzisoma. Mchuuzi ameshabomolewa mchana peupe, watu wakiangalia. Bomba nalo lipimwe mchana peupe.