Chujio Haliondoi Uchafu: Maoni Juu ya Matangi Madogo ya Maji ya Bahari

Yeyote anayefuga samaki wa baharini ndani ya tangi la kioo, awe mwalimu wa baiolojia huko Temeke au mwenye nyumba huko Kinondoni, hujikuta mapema akishughulika na kitu kisichopendeza macho, nacho ni kipande cha sponji kilichojaa tope. Samaki ndio wanaotazamwa na wageni. Sponji hufichwa nyuma. Hata hivyo, uhai wa samaki hao hutegemea sponji hiyo kuliko taa au chakula cha bei kubwa. Hoja ya makala haya ni kwamba katika joto la Dar es Salaam sponji ya kuchujia yapasa kuoshwa kila baada ya siku 2, na kwamba mtu au shule isiyoweza kuahidi kazi hiyo, siku za likizo zikiwamo, haina haki ya kumtoa samaki katika matumbawe.

Hoja hii yaweza kuonekana kali. Vijitabu vinavyofungwa pamoja na pampu kutoka nchi za nje aghalabu husema sponji ioshwe mara moja kwa wiki, na vingine huruhusu hata mwezi. Kwa nini basi siku 2?

Neno kuchuja linajulikana vema jikoni. Tui la nazi huchujwa kwa kifumbu. Tui hupita, machicha hubaki, na machicha hutupwa. Hakuna mpishi anayeacha machicha ndani ya kifumbu akaendelea kupitisha tui lile lile juu yake kwa wiki nzima. Lakini ndivyo hasa tangi la samaki lilivyo. Maji huvutwa na pampu, hupita katika sponji, hurudi kwa samaki, kisha huvutwa tena, mara kadhaa kila saa. Kinyesi na mabaki ya chakula yaliyonaswa hayajatoka majini hata kidogo. Yamehamishwa tu kutoka mahali yanapoonekana hadi mahali yasipoonekana, na huko maji yote ya tangi huyapitia mchana na usiku. Chujio hukusanya uchafu. Kinachouondoa ni mkono wa mtu.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Chukua tangi la lita 100 linalopewa gramu 1 ya chakula kikavu kwa siku, na tuseme asilimia 40 ya chakula hicho ni protini. Protini huwa na naitrojeni kiasi cha asilimia 16, kwa hiyo gramu hiyo moja ina naitrojeni miligramu 64. Ikiwa robo tu ya chakula haikuliwa ikaingia katika sponji, kila siku sponji hupokea miligramu 16. Baada ya siku 7 zimekuwa miligramu 112, nazo zikioza zote na kuwa amonia, kila lita ya maji itapata naitrojeni ya amonia zaidi ya miligramu 1. Hapo kinyesi cha samaki hakijahesabiwa. Sponji ikioshwa siku ya pili, kilichomo ni miligramu 32, na sehemu kubwa yake bado haijaoza.

Sasa iangaliwe hali ya bahari yenyewe. Amonia majini huwa na sura mbili, na ni moja tu iliyo sumu kali, yaani ile isiyobeba chaji ya umeme. Kiasi cha sura hiyo hutegemea pH ya maji, na kila pH inapopanda kwa kipimo kimoja, sumu huongezeka takriban mara 10. Maji ya mto yenye pH 7 humsamehe mfugaji mengi. Maji ya bahari, ambayo pH yake ni karibu 8.1, hayamsamehi. Joto nalo huongeza sehemu hiyo yenye sumu, tena hupunguza pumzi. Lita moja ya maji ya bahari yenye nyuzi 10 za sentigredi yaweza kushika oksijeni karibu miligramu 9. Yakifika nyuzi 29, hayashiki zaidi sana ya miligramu 6. Nyuzi 29 si jambo la ajabu sebuleni mwa nyumba ya Mwananyamala au Mbagala mwezi wa Februari.

Kuozesha vitu, ambako ni kazi ya bakteria, huenda mbio zaidi kwa kadiri joto linavyopanda. Kwa kukisia, kila ongezeko la nyuzi 10 huzidisha kasi mara 2 hivi. Tangi la Ulaya lenye kifaa cha kupasha maji hadi nyuzi 24 likilinganishwa na la Dar es Salaam lenye nyuzi 29, tofauti yawa karibu mara 1.4. Kwa hesabu hiyo, wiki ya kijitabu cha kigeni ni siku 5 tu hapa nchini. Na hizo siku 5 ni kipimo cha uchafu uliokwisha kuanza kuoza. Anayetaka kuutoa kabla haujaoza hana budi kurudi nyuma hadi siku 2, au 3 kama samaki ni wachache na mlishaji ana mkono wa kiasi.

Sponji iliyoachwa kabisa hupitia hatua ambayo watu wa Pwani wanaijua bila kufundishwa. Makumbi ya nazi hufukiwa katika tope la ufukoni kwa miezi kadhaa ili nyama yake ioze na nyuzi zibaki kwa ajili ya kusokotea kamba. Anayeyafukua hukutana na harufu ya mayai viza. Harufu hiyo ni ya gesi ya salfaidi ya haidrojeni, itokanayo na bakteria waishio mahali pasipo oksijeni katika maji yenye salfeti, na maji ya bahari yana salfeti tele. Kwa kamba ni jambo jema. Ndani ya tangi, sponji iliyoziba ni shimo dogo la makumbi lililofukiwa kati ya samaki.

Wapo wafugaji wenye uzoefu watakaopinga. Husema kwamba sponji ni makao ya bakteria wema, wale wanaogeuza amonia kuwa nitriti na kisha nitrati, na kwamba kuiosha mara kwa mara ni kuwaua. Pingamizi hili lina msingi. Bakteria hao, ambao kazi yao ilithibitishwa na Mrusi Sergei Winogradsky karibu na mwaka 1890, hukua polepole sana, na tangi lililowapoteza ghafula huweza kupoteza samaki wake pia. Lakini jibu la hoja hiyo si kuiacha sponji ichafuke. Jibu ni kutenganisha kazi mbili ambazo hazikupaswa kupewa mtumishi mmoja. Bakteria wapewe makao yao mbali na tope, katika kokoto za mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe ya kale, kama yale yapatikanayo katika ukanda wa Kunduchi na Wazo. Kokoto hizo ziwekwe nyuma ya sponji, ili maji yafike kwake yakiwa yamekwisha kuchujwa, nazo ziguswe kwa nadra. Sponji ibaki mtego tu, na mtego hutegwa ili ukaguliwe.

Juu ya vitu vya kuchujia hapana haja ya maneno mengi, ila majaribio ya kutumia mali ya nyumbani yafanywe kwa akili. Sufi, kwa mfano, humvutia mtu kwa kuwa ni rahisi kuipata. Lakini nyuzi za sufi zina nta na hukataa maji. Ndiyo sababu zamani zilijazwa katika maboya ya kujiokolea. Maji yakisukumwa kwenye sufi huikwepa na kupita pembeni. Pamba hulowa vizuri, kisha huoza. Nyuzi za makumbi hutoa rangi ya kahawia kwa muda mrefu. Sponji ya godoro hufaa ikiwa haikutiwa dawa, baada ya kulowekwa na kukamuliwa mara nyingi bila sabuni. Nyuzi za poliesta zinazojazwa katika mito hunasa chembe ndogo kuliko sponji, lakini huziba upesi, hivyo zikae nyuma yake, na zikiziba zitupwe. Kitu chochote chenye shaba kisiguse maji hayo, kwani shaba huua kaa na jamii ya konokono hata ikiwa kidogo sana.

Njia iliyo nyepesi ni kuwa na sponji mbili za kipimo kimoja, kama doti ya khanga. Moja inafanya kazi, nyingine imeanikwa. Kila siku ya pili pampu huzimwa, na sponji chafu hutolewa ndani ya bakuli ili tope lisichuruzike kurudi tangini. Pale pale kavu huwekwa. Ile chafu hukamuliwa katika maji ya bomba mpaka maji yatoke meupe, kisha huachwa juani. Klorini iliyomo katika maji ya bomba ya DAWASA haina madhara kwa utaratibu huu, maana sponji haitegemewi kwa bakteria, na jua huiondoa klorini yenyewe. Mwenye sponji moja tu aioshe ndani ya ndoo ya maji ya bahari yaliyotolewa tangini. Maji hayo machafu yasimwagwe kwenye bustani, kwa kuwa mchicha hautapenda chumvi yake.

Umeme ukikatika, jambo la kwanza ni kuitoa sponji. Bakteria ndani ya chujio lililofungwa huendelea kupumua ingawa maji yamesimama, na oksijeni iliyomo huisha upesi. Umeme ukirudi, pampu husukuma maji hayo mabovu kwa mkupuo mmoja juu ya samaki waliokwisha choka. Ndiyo maana watu hushangaa kuona samaki waliostahimili giza wakifa baada ya taa kuwaka.

Baharini kazi hii yote hufanywa na maji kujaa na kupwa. Pwani ya Dar es Salaam, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, mara mbili kwa siku. Katika bwawa la asili la Mnarani, huko Nungwi, Unguja, ambako wanakijiji wamekuwa wakitunza kasa tangu 1993, bahari yenyewe ndiyo huingia na kutoka. Hata Lee Chin Eng wa Jakarta, ambaye mwaka 1961 alieleza katika jarida la Kimarekani namna alivyofuga viumbe wa matumbawe kwa viputo vya hewa na mawe hai, bila chujio la kawaida, alikuwa na bahari ya joto jirani. Njia yake ni ya kusifiwa, lakini kuiga kwa kung'oa mawe hai kutoka miamba ambayo imekwisha kuumizwa na baruti na nanga haifai. Tangi la Kinondoni halina kujaa wala kupwa. Lina mtu mwenye ndoo, naye aghalabu hajaandikwa popote katika mpango wa kazi.

Hapo ndipo penye tatizo kubwa kuliko yote. Pesa za kununua tangi, pampu na taa hupatikana, kwa kuwa vitu hivyo huonekana siku ya ufunguzi. Dakika 15 za kuosha sponji kila siku ya pili hazina fungu lake. Katika shule, tangi huwa la mwalimu mmoja mwenye moyo; akihamishwa, tangi hufa. Na hata akiwapo, mwezi wa 6 na mwezi wa 12 shule hufungwa, na funguo za maabara huachwa kwa mlinzi ambaye hakuna aliyemwonyesha hata kifuniko cha chujio kinavyofunguliwa. Ingefaa kabla ya tangi kujazwa, iandikwe ubaoni nani ataosha sponji wiki ya Krismasi, na huyo alipwe. Jina lisipopatikana, tangi libaki tupu.

Kitatange, ambaye watu humtamani kwa rangi zake, afaa kuachwa kabisa. Jamii yake nyingi hula matumbawe hai, na chujio safi halitamlisha.

Kwa shule isiyoweza kuweka zamu, ipo njia nyingine yenye mafunzo yale yale. Wanafunzi waende ufukoni maji yakipwa, Kunduchi au ng'ambo ya Kigamboni, kwa idhini ya ofisa wa uvuvi, na nje ya hifadhi za bahari kama Bongoyo na Mbudya, zilizotangazwa tangu 1975. Wachukue kaa wachache wanaobeba makombe ya konokono, na maji ya pale pale, mbali na mlango wa mto Msimbazi na si baada ya mvua kubwa za masika. Wawatazame asubuhi hadi alasiri ndani ya beseni jeupe lisilo na chakula wala chujio, kisha wawarudishe mahali walipowatoa kabla ya maji kujaa.