25 si mstari wa mama yako

Ukishuka Dar au Mombasa, salamu ya pili ni ya mwili wako. "Umenawiri!" maana yake London inakulipa. "Mbona umekonda hivyo?" maana yake kuna tatizo, labda unaumwa. Kwa GP hapa mambo yanageuka, na sisi ndio tunaokaa katikati tukitafsiri.

Wiki hii basi tuongee BMI. Hesabu yake nyepesi: chukua kilo, gawanya kwa kimo kwa mita, halafu gawanya tena kwa kimo hicho hicho. Mama wa kilo 65 mwenye mita 1.65 anapata 23.9. Chati ya kawaida inasema chini ya 25 uko sawa, anarudi kwenye chapati zake kwa amani.

Ila subiri. NICE, taasisi inayoandika miongozo ya NHS, inasema kwa wenye asili ya Afrika, Asia na Mashariki ya Kati hatari ianze kuhesabiwa kwenye 23, na unene wa kupindukia kwenye 27.5 badala ya 30. Sababu kubwa ni sukari, yaani kisukari aina ya pili, ambacho kinatufikia tukiwa na mwili mdogo zaidi. Utafiti wa 2021, uliohusu watu karibu milioni 1.5 hapa England, ulikuta hatari aliyonayo Mzungu wa BMI 30, mtu Mweusi anaifikia kwenye 28.1, Mwarabu kwenye 26.6, mwenye asili ya Asia Kusini kwenye 23.9. (Familia za Pwani zenye babu wa Muscat na bibi Mnyamwezi, mtajua wenyewe mtie tiki kisanduku gani.)

Kuna wanaosema kipimo hiki kitupwe, kwa sababu kilianzia kwa Quetelet, mtaalamu wa takwimu wa Ubelgiji wa karne ya 19, aliyewapima Wazungu wenzake. Mimi siko huko. Kinachuja tu, hakitoi jibu la ugonjwa. Hakitofautishi misuli na mafuta, wala hakijui mafuta yamekaa tumboni au mapajani, na ya tumboni ndiyo mabaya zaidi.

Ndiyo maana tangu 2022 NICE inataka kiuno kipimwe pia: kiwe chini ya nusu ya kimo. Hata futi ya fundi cherehani huhitaji. Kata kamba yenye urefu wa kimo cha mama, ikunje mara mbili, izungushe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, apumue kawaida. Ncha zisipokutana, piga simu kwa GP.

Usimwambie "umenenepa", atasema ahsante. Mwambie, "Mama, twende tukapime sukari." Kama ana miaka 40 hadi 74 na hana ugonjwa wa moyo, sukari wala presha inayojulikana, NHS England inampa uchunguzi wa bure kila miaka 5. Nenda naye. Ulizia kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 au 3 iliyopita. Hicho hakihitaji kufunga, kwa hiyo chai yake anaweza kunywa kwanza.