Mlezi wa Sanduku la Nguo

Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, akina mama wanne wa parokia walibisha hodi nyumbani kwangu. Walichukua sanduku tupu la mbao na swali moja. Sanduku hilo wataka kulijaza nguo za kazi, yaani sketi, blauzi, koti jepesi na viatu vyeusi, ili kila binti au mjane wa hapa Mabalako aitwaye Beni au Butembo kuulizwa habari za kazi apate cha kuvaa. Na swali lao lilikuwa hili: “Mwalimu, tumtafute nani awe mlezi wetu? Pasipo jina kubwa, nani atatusikiliza?” Mmoja wao alikuwa amekwisha kuandika majina mawili katika daftari, la mfanyabiashara na la mheshimiwa.

Sikuwajibu siku ile. Nawajibu leo katika ukurasa huu, maana nadhani swali hilo si lao peke yao.

Kwanza niseme kwa nini sanduku lile si mchezo. Namkumbuka mwanafunzi wangu mmoja aliyepata diploma ya Serikali kwa alama nzuri. Aliitwa kwenye ofisi fulani kwa ajili ya kazi ya kuandika vitabu vya mapokezi. Alikwenda na kandambili miguuni na kitenge kilichokwisha pauka, kwa kuwa hakuwa na kingine. Mlinzi wa mlangoni alimtazama miguu, akamwambia kwamba wauza ndizi hupita nyuma. Binti hakubishana naye, alirudi nyumbani. Alama zake zilikuwa katika bahasha mkononi mwake, wala hakuna aliyeifungua. Tena tangu mauaji ya Beni yalipoanza mwaka 2014, wako mama wengi katika nchi yetu waliokimbia na nguo moja tu mwilini, na miongoni mwao wamo wauguzi na walimu. Kazi waijua, ila hawana vazi la kuiendea.

Sasa habari za walezi. Mwaka 1996, katika mji wa New York, msichana aliyesomea sheria, jina lake Nancy Lublin, alirithi dola 5,000 za babu wa mzazi wake. Alifikiri juu ya wanawake maskini watafutao kazi pasipo suti ya kuvaa mbele ya mkubwa. Hakwenda kwanza kwa matajiri. Alikwenda kwa masista watatu waliokuwa wakifanya kazi katika mtaa wa Spanish Harlem, akaanza pamoja nao. Chama chao kiliitwa Dress for Success. Leo chama hicho kimo katika nchi nyingi, na wanawake kiliowasaidia wamepita milioni moja. Desturi yao yapendeza: mwanamke hupewa suti moja ya kwenda kuulizwa, na akiisha kupata kazi hurudi kupewa nguo nyingine, asije akaaibika siku ya pili kwa kuvaa ile ile. Mimi hupenda sana kuona kwamba mwanzoni jina lililokuwa na nguvu lilikuwa la masista watatu.

Huko London kuna chama cha namna hiyo, Smart Works, kilichochukua jina hilo mwaka 2013. Mwanamke hupelekwa kwao na ofisi ya kazi, na gereza, au na nyumba inayowahifadhi waliopigwa na waume zao. Humpokea kwa miadi, peke yake, kama mgeni wa heshima. Kwanza humvika, kisha mtu mwingine huketi naye kumzoeza kujibu maswali. Mwezi wa Januari 2019 kilipata mlezi ambaye kila gazeti lilimwandika: Bibi Meghan, mke wa Mwanamfalme Harry wa Uingereza.

Hapa ndipo akina mama wa sanduku wanapopaswa kusikiliza vizuri. Bibi huyo alikwisha kufika pale kwa siri mwaka 2018, kabla ya kutangazwa. Aliketi na wanawake, akawachagulia mikoba na vipuli, akaona kasoro ambayo mgeni wa dakika kumi haioni: nguo zilizotolewa kwa huruma zilikuwa mchanganyiko tu, rangi hazipatani, na vipimo vingine vimejaa huku vingine havipo kabisa. Aliandika jambo hilo waziwazi katika gazeti la Vogue la Uingereza. Kisha aliyaendea maduka makubwa, Marks & Spencer, John Lewis na Jigsaw, pamoja na rafiki yake mshonaji Misha Nonoo, akapatana nao watengeneze vitu vitano: shati jeupe, suruali, koti, gauni na mkoba. Mnunuzi akinunua kimoja, kingine kama hicho huenda kwa mwanamke wa Smart Works. Vitu hivyo vilianza kuuzwa Septemba 2019. Mwaka uliofuata aliacha kazi za ufalme, lakini ulezi huu hakuuacha.

Mtu aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu wenye maduka. Basi tutazame kaskazini yetu, Dungu, katika Haut-Uele. Huko Sista Angélique Namaika aliwapokea wanawake na wasichana waliotoroka mikononi mwa jeshi la Joseph Kony. Yeye mwenyewe alipata kuwa mkimbizi mwaka 2009. Aliwafundisha kusoma, kuoka mikate na kushona, ili wapate kazi na kuheshimiwa tena, akiwazungukia kwa baiskeli. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ulimpa tuzo ya Nansen pamoja na dola 100,000, na siku chache baadaye Baba Mtakatifu Fransisko alimpokea Roma. Angalieni mpangilio wake. Wanawake zaidi ya 2,000 walikuwa wamekwisha kusaidiwa ndipo majina makubwa yakaja. Walezi waliikuta kazi imesimama, wakaiongezea nguvu.

Sisi watu wa Mabalako twawajua wageni wenye majina. Mwaka 2018, Ebola ilipotangazwa Mangina, wengi walikuja, na wengine walisaidia kweli, sina budi kukiri. Twawajua pia wagombea wa wakati wa uchaguzi, wagawao vitenge vyenye uso wao kifuani na mgongoni. Niambieni, dada yangu atavaaje kitenge hicho mbele ya mkuu wa hospitali anayemtaka mwuguzi? Hilo ni vazi la mtoaji. Aliyelivaa ni ukuta wa kubandikia picha. Kama mheshimiwa yule wa kwenye daftari atakubali kulea sanduku hili, sharti letu la kwanza liwe kwamba jina lake lisishonwe wala kuchapwa kwenye nguo yoyote, na asipigwe picha na binti aliyepokea. Akichukia, tumepona mapema.

Huyo mfanyabiashara mimi namtaka zaidi, lakini si kwa hotuba. Ana duka la viatu Butembo. Aulizwe kama aweza kutoa viatu vipya kwa kipimo tutakachomtajia, jozi chache kila mwezi, badala ya gunia moja la viatu visivyouzika siku ya sikukuu. Na mkewe, ambaye ameajiri watu miaka mingi, aombwe kuketi saa moja na kila binti amwulize maswali kama mkubwa wa kazi amwulizavyo. Hiyo saa moja ina thamani kuliko jina lake juu ya mlango.

Tena mlezi mwingine yupo karibu, nanyi mmemsahau: mafundi wetu wa cherehani wa sokoni. Nguo ya mtumba, hata ikiwa nzuri, humpwaya mmoja na kumbana mwingine; yahitaji mkono wa fundi. Mtakumbuka Tabita wa Yafa katika Matendo ya Mitume: alipokufa, wajane walimwonyesha Petro kanzu alizowashonea, wala hatusomi kwamba walimtajia cheo chake. Fundi mmoja amekwisha kuniahidi alasiri ya kila Alhamisi bila malipo. Hataki jina lake litajwe hapa, nami nimemtii.

Sanduku limebaki nyumbani kwangu hadi Jumapili. Mpaka sasa lina sketi mbili nyeusi, blauzi moja nyeupe isiyo na kifungo cha juu, na koti la kijivu. Viatu bado hakuna. Vinavyoulizwa ni namba 38 na 39.