Damu ya Mtoto Isiwe Kipimo cha Udongo

Ardhi yaweza kubeba sumu kwa miaka mingi, watoto wakiichezea, wala mzazi asione dalili yoyote. Kwa hiyo suala la nani aipime, kwa kipimo gani, na nani aisafishe, halifai kuachiwa wataalamu peke yao.

Wataalamu wenyewe wamegawanyika. Wapo wasemao kwamba ardhi iliyochafuka isafishwe hadi ifae kwa kila matumizi. Uholanzi ilifuata rai hiyo baada ya taka za sumu kugunduliwa chini ya nyumba za Lekkerkerk mwaka 1980. Gharama zilipozidi, ikalegeza msimamo katika miaka ya 1990. Wengine, Uingereza ikiwa mfano, husema isafishwe kwa kadiri ya matumizi yake, kwani uwanja wa kiwanda si sawa na bustani ya nyumba.

Rai hii ya pili ina mashiko, maana fedha hazitoshi kusafisha kila shubiri. Lakini haina maana ikiwa hakuna anayepima, wala ikiwa kipimo hakisahihishwi. Marekani ilikuwa ikianza uchunguzi wa udongo wa makazi pale ulipokutwa na miligramu 400 za madini ya risasi kwa kilo. Januari 2024 kiwango hicho kikashushwa hadi 200. Sumu ni ile ile. Elimu ndiyo iliyoongezeka.

Mjadala huu hauko mbali nasi. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi kilifanya kazi kando ya nyumba za watu, kikafungwa mwaka 2014. Watoto walipopimwa, damu yao ilikutwa na risasi, madini yanayodhuru ubongo, na ambayo Shirika la Afya Duniani linasema hayana kiwango kijulikanacho kuwa salama. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya na eneo lisafishwe. Kesi ikaenda rufani, na ni Desemba 2024 tu Mahakama ya Juu iliporejesha fidia hiyo, miaka 10 baada ya kiwanda kufungwa.

Tazama mpangilio huo: maradhi yalitangulia, kipimo kikafuata, hukumu ikaja mwisho. Yapasa iwe kinyume chake. Udongo upimwe kabla ya kibali kutolewa, kisha kila mwaka, na mpimaji asiyeajiriwa na kiwanda, ingawa gharama ibebwe na mwenye kiwanda. Majibu yasomwe hadharani mbele ya wakazi. Na wataalamu wanapobishana kuhusu tarakimu, watoto wasiachwe wakicheza juu ya udongo unaobishaniwa.

Huenda mtu akasema kwamba masharti haya yatafukuza wawekezaji na ajira. Hatusemi betri zisiyeyushwe. Twasema ziyeyushwe mbali na makazi, chini ya kipimo. Mafakihi wametufundisha kwamba kuzuia madhara hutangulizwa mbele ya kutafuta manufaa. Mshahara wa baba hauwezi kumrudishia mtoto akili aliyoipoteza kwa risasi, na fidia ya mahakama haiwezi pia. Tahadhari kabla ya athari.